Filamu za mazingira: Mkulima wa bonde la Sebeya yuko wapi?

USIKU wa kuamkia Mei 3, mwaka 2023, mto Sebeya ulifurika ukaingia majumbani mwa watu wakiwa wamelala. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha katika milima ya magharibi mwa Rwanda, na kulipokucha zaidi ya watu 130 walikuwa wamepoteza maisha nchini, wengi wao katika Jimbo la Magharibi. Rubavu, Rutsiro, Karongi, Ngororero na Nyabihu ndizo wilaya zilizoumia zaidi. Maelfu ya nyumba zilibomoka. Siku moja baadaye, ng'ambo ya Ziwa Kivu, vijiji vya Bushushu na Nyamukubi katika eneo la Kalehe, nchini Kongo, vilifagiliwa na maji na mawe, na watu zaidi ya 400 wakafa.

Picha za siku zile zilipigwa kwa wingi kwa simu za mkononi. Zilionyesha maji ya rangi ya chai ya maziwa, paa la bati likielea, ng'ombe akihangaika. Zilizunguka kutoka simu hadi simu kwa wiki mbili tatu, kisha watu wakafuta ili wapate nafasi ya picha za harusi. Hivyo ndivyo msiba mkubwa kuliko yote ambayo watoto wa bonde hili wameuona ulivyobaki: vipande vya sekunde thelathini visivyo na mwanzo wala mwisho, na visivyoeleza maji yale yalitoka wapi.

Mimi ni mwalimu Nyakiriba, tarafa iliyo juu ya bonde hilo. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwaonyesha wanafunzi wa klabu ya mazingira filamu kuhusu tabianchi na uhusiano wa binadamu na maumbile. Tunatumia projekta ya shule, tunafunika madirisha kwa mablanketi, na umeme ukikatika tunasubiri. Baada ya mwaka 2023 nilianza kuzitazama filamu hizo kwa jicho jingine. Swali langu limekuwa moja: filamu hii inamwambia nini mtoto ambaye mto umepita sebuleni kwao?

Ndugu msomaji, jibu nililolipata ni kwamba filamu hizi ziko za aina tatu. Ziko zinazomwondoa mkulima kwenye picha, ziko zinazomweka kizimbani, na ziko chache zinazompa macho. Za aina ya tatu ndizo zinazoweza kuokoa mteremko.

Gorila wapo, watu hawapo

Kila Mnyarwanda amesikia habari za filamu ya Gorillas in the Mist, iliyotoka mwaka 1988. Iliongozwa na Michael Apted, na Sigourney Weaver akaigiza kama Dian Fossey, mtafiti Mmarekani aliyeanzisha kituo cha Karisoke mwaka 1967 kati ya milima Karisimbi na Bisoke, akauawa huko huko Desemba 1985. Sehemu kubwa ilipigwa hapa hapa Rwanda. Siku ambazo hakuna mawingu, Karisimbi huonekana kutoka kwetu, na wanafunzi hushangilia wakiutambua mlima wao kwenye filamu ya Wazungu.

Hatuwezi kuikataa heshima ya filamu ile. Iliifanya dunia ijue kwamba gorila wa milimani wapo na wanaweza kwisha. Hesabu ya mwaka 1981 ilikuta gorila 254 tu katika milima ya Virunga. Hesabu ya 2015 na 2016 ikakuta 604. Kazi hiyo ilifanywa na walinzi wa hifadhi, madaktari wa wanyama na serikali, lakini macho ya dunia yalisaidia.

Hata hivyo, ukiitazama tena utaona jambo. Mnyarwanda katika filamu ile ni mmoja kati ya watatu: mbeba mizigo, jangili au mganga wa kuogofya. Mkulima hayumo. Humwoni mama akipalilia viazi. Mwanafunzi wangu mmoja aliuliza wenyeji wa pale walikuwa wakila nini, na ni swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa darasani. Kwa sababu mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati Fossey anaweka hema lake, karibu hekta 10,000 za hifadhi ya milima ya volkano zilikuwa zinakatwa ili kupanda pareto, zao lililouzwa Ulaya kutengenezea dawa ya wadudu. Pareto ilikula msitu mwingi kuliko jangili yeyote. Lakini pareto haina sura mbaya ya kuwekwa kwenye filamu.

Filamu ya Virunga, iliyotoka mwaka 2014 na kuongozwa na Orlando von Einsiedel, ni bora zaidi katika jambo hili. Mashujaa wake ni Wakongo wenyewe. Yupo André Bauma, anayelea gorila yatima pale Rumangabo kama mtu anavyolea watoto wake. Filamu inaeleza jinsi kampuni ya Kiingereza ya SOCO ilivyotaka kutafuta mafuta ndani ya hifadhi, katika eneo la Ziwa Edward. Aprili 15, 2014, siku chache kabla ya filamu kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini New York, mkurugenzi wa hifadhi, Emmanuel de Merode, alipigwa risasi barabarani akitoka Goma, akapona. Mwezi Juni mwaka huo kampuni ikakubali kuacha utafutaji wake. Ni mara chache filamu huwa na bahati ya kuchangia matokeo ya namna hiyo.

Lakini mafuta ni hadithi ya kampuni na bunduki. Msitu wa Virunga unaisha kila siku kwa njia ya kimya zaidi, nayo ni makaa. Majirani zetu wa Goma huyaita makala, na mimi niliyesoma Kiswahili cha Tanzania nilicheka nilipoambiwa mara ya kwanza kwamba makala yamepanda bei, nikidhani ni ya magazeti. Gunia la makaa linapika maharage ya mji mzima. Anayelichoma si adui wa maumbile. Ni baba mwenye watoto sita asiye na kazi nyingine. Filamu ya mtu huyo ni ngumu kuitengeneza kwa sababu haina mhalifu wa kumchukia.

Mkulima kizimbani

Aina ya pili ya filamu inamwonyesha mkulima, lakini inamwonyesha kama kosa. Hii ni ya zamani kuliko tunavyodhani. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, kulikuwa na mradi wa Waingereza wa kutengeneza sinema kwa ajili ya Waafrika wa Afrika Mashariki. Ulijulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment, ukiongozwa na Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham. Walitengeneza filamu zipatazo 35 wakazizungusha kwa lori vijijini. Zilifundisha kilimo, afya, kodi na kuweka akiba posta, na mmomonyoko wa udongo ulikuwa miongoni mwa mada zake. Mfumo ulikuwa mmoja: mtu mjinga anafanya vibaya anapata hasara, mtu mwerevu anamsikiliza bwana shamba anafanikiwa.

Watu walipenda kutazama, kwani nani asiyependa sinema ya bure? Hata sisi tulipokuwa watoto wa wakimbizi kule Karagwe, gari la sinema likija kijijini ilikuwa sikukuu, na tulikaa chini usiku kutazama mambo ya afya na matangazo ya sabuni. Lakini kutazama si kukubali. Katika Ukambani, nchini Kenya, ambako udongo ulikuwa umeharibika vibaya, serikali ya kikoloni iliamua kuwapunguzia watu mifugo kwa nguvu ili kuokoa ardhi. Mwaka 1938 maelfu ya Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, waliandamana hadi Nairobi kudai ng'ombe wao. Udongo ulikuwa unakwisha kweli. Ila aliyeambiwa yeye ndiye mwenye kosa, wakati ardhi yake nzuri imechukuliwa na walowezi, hakuona sababu ya kusikiliza somo.

Miaka mingi baadaye, Tanzania ilipata fundisho la namna nyingine. Mwaka 2004 Hubert Sauper, raia wa Austria, alitoa filamu ya Darwin's Nightmare kuhusu sangara wa Ziwa Victoria. Samaki huyo alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, akawala samaki wa asili, kisha minofu yake ikawa biashara kubwa ya kwenda Ulaya. Filamu inaonyesha Mwanza ya viwanda, marubani, watoto wa mitaani na wanawake wanaokausha mabaki ya samaki yenye funza. Iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani kwamba imeipaka nchi matope.

Nimesoma Tanzania, na ninajua watu wenye hasira pande zote mbili. Ukweli ni kwamba filamu ile ilisema jambo kubwa: anayekula minofu Ulaya na anayekula vichwa vya samaki Mwanza wamefungwa kwa kamba moja. Lakini wavuvi wengi hawakuiona filamu kama yao. Waliiona kama picha ya aibu iliyopigwa na mgeni dirishani. Na mtu akiaibishwa hujitetea, habadiliki.

Barafu ya Kilimanjaro na mvua ya Sebeya

Wapo watakaosema: basi tuachane na hadithi za watu, tuonyeshe sayansi. Filamu iliyojaribu hilo kwa mafanikio makubwa ni An Inconvenient Truth ya mwaka 2006, iliyoongozwa na Davis Guggenheim, ambamo Al Gore, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani, anasimama mbele ya watu na picha zake za chati. Ilipata Oscar, na mwaka 2007 Gore akapata Tuzo ya Amani ya Nobel pamoja na jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, IPCC.

Kwa mwalimu, kisa cha filamu hiyo Uingereza kina mafunzo. Serikali iliisambaza katika shule za sekondari, mzazi mmoja akaenda mahakamani kupinga. Oktoba 2007 Jaji Burton wa Mahakama Kuu alisema hoja kuu ya filamu ni sahihi na inaweza kuonyeshwa, lakini kuna mambo tisa yanayohitaji maelezo ya mwalimu. Moja lilikuwa la kwetu: barafu ya Kilimanjaro. Barafu hiyo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, hilo halina ubishi. Ila kiasi gani kimesababishwa na joto la dunia linaloletwa na binadamu, na kiasi gani na ukavu wa hewa ulioanza zamani, wanasayansi walikuwa bado hawajakubaliana kama filamu ilivyodokeza.

Kisa hiki huwaeleza wanafunzi wangu kila mwaka kwa sababu nasi tunalo la kwetu. Baada ya mafuriko ya Mei 2023, wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution, ambao kazi yao ni kupima kama maafa fulani yameongezwa nguvu na mabadiliko ya tabianchi, walichunguza mvua za eneo la Ziwa Kivu. Ripoti yao ya Juni 2023 ilisema hawawezi kutoa hukumu. Sababu ni kwamba takwimu za mvua za eneo hili ni chache mno. Vituo vingi vya kupimia mvua vya Rwanda vilinyamaza mwaka 1994, na upande wa Kongo hali ni mbaya zaidi.

Tafakari hilo, msomaji. Watu mamia wamekufa pande zote mbili za ziwa, na sayansi kubwa ya dunia inasema haina daftari la mvua la kutosha kujua sababu. Walichosema bila kusita ni kwamba watu wa huku wako katika hatari kubwa kwa sababu ya umaskini, miteremko na msongamano wa makazi. Kwa hiyo mtoto wa Nyakiriba akiniuliza kama ni kiwanda cha Ulaya kilicholeta maji yale au ni Mungu au ni msitu uliokatwa, mimi kama mwalimu sina ruhusa ya kumjibu kwa neno moja. Dunia inapata joto, na hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi; hiyo ni sayansi ya hakika. Lakini mvua ikishaanguka, inaangukia juu ya kitu. Na kitu hicho sisi ndio tunaokijua.

Safari ya tone la maji

Sebeya huanzia katika nyanda za juu za Gishwati, ukateremka hadi Ziwa Kivu lililo kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi. Katika safari hiyo fupi unazungusha mitambo ya umeme ya Keya, Gihira na Gisenyi, na maji ya kunywa ya mji wa Gisenyi husafishwa Gihira. Tope likizidi mtoni, mabomba ya mjini hukauka, hata kama mvua inanyesha.

Katika miaka ya 1970 msitu wa Gishwati ulikuwa na takriban hekta 28,000. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilibaki kama 600. Nani aliukata? Hapa ndipo filamu nyingi zingetafuta mhalifu mmoja. Lakini katika miaka ya 1980 mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia ulifyeka sehemu kubwa ili kufanya malisho ya ng'ombe na mashamba ya misonobari. Baada ya vita na mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 wakaja waliohama makwao, na wakaja wakimbizi wa zamani waliorejea, wengi kutoka Masisi na ng'ombe wao, wakitafuta mahali pa kuweka kichwa baada ya miaka zaidi ya thelathini ya kuishi kwa watu. Jamaa zangu wamo kati ya waliorudi, ingawa sisi tulitokea Kagera. Ninaijua njaa ile ya ardhi. Mtu aliyeitwa mgeni maisha yake yote, akipewa kipande cha nchi yake, hakitazami kama msitu. Anakitazama kama nyumbani.

Msitu ulikuwa unafanya kazi ambayo hakuna aliyeilipia. Majani yaliyooza chini ya miti hunywa mvua kama sifongo, mizizi huushika udongo, na maji huachiwa polepole kwa siku nyingi. Mteremko wenye viazi vilivyopandwa kwa mistari ya kutoka juu kwenda chini huachia maji yote kwa saa moja, pamoja na mbolea na udongo wa juu. Septemba 2007 mafuriko yaliikumba Bigogwe na kingo za Gishwati. Lile lilikuwa onyo.

Tangu hapo mengi yamefanyika, na ni haki kuyasema. Gishwati na Mukura ziliunganishwa kuwa hifadhi ya taifa kwa sheria, hifadhi ikafunguliwa kwa watalii Desemba 2020, na sokwe wachache waliosalia wamo. Katika bonde la Sebeya, kuanzia mwaka 2019, Serikali pamoja na shirika la IUCN na msaada wa Uholanzi walichimba matuta ya ngazi, wakapanda miti na mianzi kingoni, wakajenga mabwawa ya kupunguza kasi ya maji. Mafuriko ya 2023 yakaja hata hivyo. Somo si kwamba kazi ile ilikuwa bure. Somo ni kwamba msitu uliokatwa kwa miaka thelathini haurudi kwa mitatu.

Ipo filamu moja inayoonyesha jambo hili nchini mwetu. Inaitwa Hope in a Changing Climate ya mwaka 2009, kazi ya John D. Liu, na sehemu yake moja inahusu kinamasi cha Rugezi kule kaskazini. Rugezi ilikaushwa kwa ajili ya kilimo, maji ya Ziwa Burera yakashuka, mtambo wa umeme wa Ntaruka ukadhoofika, na nchi ikakodi majenereta ya dizeli kwa gharama kubwa. Serikali ikaamua kinamasi kirudishwe, maji yakapanda. Wanafunzi wangu huikumbuka filamu hiyo kuliko ya barafu na dubu weupe, kwa sababu inaonyesha kamba nzima: jembe kinamasini, giza Kigali. Lakini hata humo, mkulima aliyeondolewa kinamasini hapewi muda mrefu wa kusema. Alikwenda wapi? Alilima nini? Bonde la Sebeya, ambako familia zimetakiwa kuhama kingo za mto, linahitaji sana majibu ya maswali hayo.

Mkulima ashika kamera

Ndiyo sababu filamu ninayoithamini kuliko zote ni Thank You for the Rain ya mwaka 2017. Kisilu Musya ni mkulima wa Mutomo, Kitui, nchini Kenya. Mwongozaji Julia Dahr kutoka Norway alipokwenda kumpiga picha, alimwachia kamera, naye Kisilu akairekodi familia yake, shamba lake na mvua yake kwa miaka mitano. Tunauona ukame. Tunamwona mkewe Christina akibaki na watoto na kazi yote wakati mume anazunguka vijijini kuwahimiza wakulima wapande miti. Tunaona upepo wa mvua kubwa ukiing'oa paa la nyumba yao. Na Desemba 2015 tunamwona Kisilu mjini Paris, katika mkutano mkuu wa tabianchi, amevaa koti, akigundua jinsi sauti ya mkulima ilivyo ndogo katika kumbi zile.

Kitui iko katika Ukambani ile ile ya maandamano ya 1938. Katika miaka ya 1930 kamera ilikwenda vijijini kumfundisha Mwafrika jinsi ya kulima. Miaka 80 baadaye Mkamba alishika kamera mwenyewe akaueleza ulimwengu kuhusu mvua. Udongo ni ule ule, ukame umezidi, lakini anayetazama amebadilika. Kisilu hasemi kwamba hana lawama, wala hasemi kwamba kosa lote ni la Ulaya. Anapanda miti yake na wakati huo huo anawadai wenye viwanda wapunguze moshi. Mambo hayo mawili yanakaa katika mtu mmoja bila kugombana, na hicho ndicho nilichoshindwa kukieleza kwa chaki.

Nilipoionyesha, darasa lilinyamaza paa lilipong'oka. Baadaye wanafunzi wawili walieleza mbele ya wenzao usiku wa Sebeya, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya. Mmoja alieleza jinsi bibi yake alivyokataa kutoka bila mbuzi. Hakuna filamu ya gorila iliyowahi kufungua kinywa namna hiyo.

Tufanye nini?

Kwanza, filamu ziwafikie watu kwa lugha yao. Rwanda ina agasobanuye, filamu za mabanda ya video ambamo msimuliaji huzungumza Kinyarwanda juu ya sauti ya filamu, akieleza, akitania, akitia chumvi. Uganda wana wale wanaoitwa VJ, na Tanzania mabanda ni hayo hayo. Marehemu Yanga, aliyefariki mwaka 2022, alijulikana nchini kote kwa kazi hiyo. Vijana wanawaamini wasimuliaji hawa kuliko wanavyotuamini walimu. Filamu ya Kisilu ikisimuliwa kwa Kinyarwanda chenye ladha, au kwa Kiswahili, ambacho tangu 2017 ni lugha rasmi hapa, itajaza banda la Mahoko siku ya soko.

Pili, skrini zipande milimani. Tamasha la Filamu la Rwanda, lililoanzishwa mwaka 2005 na Eric Kabera na wenzake, lilijulikana kwa jina la Hillywood kwa sababu lilibeba skrini ya kujaza upepo likaonyesha filamu vilimani, mbele ya umati uliosimama nyasini. Njia hiyo ifuatwe, na baada ya filamu watu wabaki wajadiliane na bwana shamba, naye awe wa kusikiliza kwanza.

Tatu, watoto wapige wenyewe. Simu zimo majumbani. Klabu yetu imeanza na kazi ndogo: kila mwezi, mahali pale pale, picha ya ukingo ule ule wa Sebeya, na kipimo cha mvua kilichotengenezwa kwa chupa ya plastiki, kikisomwa kila asubuhi na kuandikwa daftarini. Si sayansi kubwa. Lakini tumeona gharama ya kutokuwa na daftari. Baada ya miaka kumi, picha 120 za ukingo mmoja, mfululizo, zitakuwa filamu ambayo hakuna mgeni anayeweza kuitengeneza. Itaonyesha kama mianzi imeshika au imeliwa na mbuzi, kama nyumba zimehama au zimerudi, kama maji yamebadilika rangi.

Na ndani ya picha hizo kutakuwa na mtu mwenye jembe. Asiondolewe ili mandhari ipendeze. Mvua kubwa itakuja tena, na yeye ndiye atakayekuwa amesimama juu ya mteremko siku hiyo. Afadhali tuanze sasa kumuuliza anaona nini.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa shule ya sekondari katika tarafa ya Nyakiriba, wilaya ya Rubavu. Alisoma Tanzania kabla ya kurejea Rwanda.